Renji ya Ndani au Uwanja wa Wazi: Kwa Mnaoanza Kulenga Shabaha Dodoma

Walinzi wapya na raia waliopata leseni juzijuzi wananiuliza swali lilelile: wakajifunzie wapi, renji ya ndani au uwanja wa wazi? Wengi huwa na jibu lao tayari. Wameona picha za kumbi zenye taa nyeupe, vioo, na karatasi ya shabaha inayokuja yenyewe ukibonyeza kitufe, wakaamua kwamba huko ndiko waliko wajuzi. Mimi ya ndani nimeifanyia kazi Afrika Kusini, na hapa Dodoma nafundisha uwanja wa wazi. Ninachowaambia ni hiki: ndani ni pazuri pa kuanzia, ila ukumbi upime kwa hewa yake kwanza, hayo mengine baadaye.

Uzuri wake upo, tusiubeze. Uwanja wa wazi unataka ardhi, na ardhi ya kuchezea Dodoma inakwisha. Tangu Serikali ihamie huku na mji kutangazwa jiji mwaka 2018, viwanja vinapimwa kila upande. Ulipopaacha pori unakuta mabati ya rangi na watoto wenye sare za shule. Risasi ya bastola ya milimita 9 ikipaa juu ya tuta la nyuma ya shabaha inaweza kwenda karibu kilomita 2 kabla ya kuanguka. Kwa hiyo tuna tuta la udongo, tuna bendera nyekundu, tuna mtu wa kuangalia, na bado kuna asubuhi tunasimama nusu saa nzima kwa sababu mbuzi wamekatiza nyuma ya tuta na mchungaji yuko mbali anapiga mluzi tu. Magazini zinatolewa, silaha zinawekwa chini zikiwa wazi, wote tunarudi nyuma ya mstari. Ndani hakuna mbuzi. Kuta, dari na kizuizi cha nyuma ya shabaha vimejengwa kwa kazi hiyo, na kila mpigaji ana kizimba chake.

Halafu upepo. Aliyekaa Dodoma miezi ya kiangazi anaujua upepo wetu, na vumbi lake jekundu. Kwa bastola ya mita 10 upepo hausogezi risasi kitu cha maana. Unachosogeza ni wewe. Mikono inayumba, macho yanajaa mchanga, karatasi inapepea. Kwa bunduki ya .22 kwenye mita 50 ndipo hata risasi yenyewe inasukumwa: upepo wa pembeni wa kiasi unaweza kuitoa njiani sentimita mbili na zaidi, wakati duara la alama kumi kwenye shabaha ya mashindano ya umbali huo lina upana wa milimita 10.4 tu. Anayeanza hana haja ya kupambana na hayo wiki ya kwanza. Afundishwe kusimama, kushika, kupumua na kufyatua polepole mahali ambapo kosa likitokea anajua ni lake.

Ila asikae humo mpaka akazoea. Kijana mmoja mlinzi alikuja kwangu akiwa amejifunzia ndani, akasimama mita 15 jua la saa nne likimpiga usoni, risasi zake zikatawanyika karatasi nzima. "Afande, kule ndani nilikuwa napiga katikati tu. Hapa nimepatwa na nini?" Hajapatwa na kitu. Kule taa haikuwahi kumchoma macho, sakafu ilikuwa bapa, na shabaha ilikaa palepale mbele yake kila siku. Lindo lenyewe liko getini, usiku, kwenye changarawe, na mtu anayekuja haji akiwa amesimama wima chini ya taa. Jambo moja ndani wanaweza kulifanya vizuri kuliko sisi: kupunguza taa. Ukipata ukumbi ambao msimamizi anakubali kufifisha mwanga chini ya uangalizi wake, kwa mlinzi wa usiku hilo somo lina thamani kuliko risasi mia za mchana.

Sasa hewa, na hapa sitaharakisha. Fataki iliyo kwenye kitako cha ganda kwa kawaida huwa na mchanganyiko wenye madini ya risasi (Waingereza huyaita lead), na kichwa cha risasi chenyewe mara nyingi ni madini hayohayo. Ukifyatua, joto linayeyusha kidogo, na unapata moshi wenye vumbi laini ambalo macho hayalioni. Nje upepo wetu unaolaumiwa kila siku hulibeba likaenda. Ndani halina pa kwenda, isipokuwa feni ziwe zimepangwa na mtu anayejua. Hewa safi iingie nyuma yako, ipite mabegani mwako kuelekea kwenye shabaha, ikafyonzwe kule mbele. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya na usalama kazini, inapendekeza mwendo wa karibu mita 0.38 kwa sekunde pale kwenye mstari wa kupigia. Ni mwendo wa taratibu, hutausikia ukikupuliza. Tena hewa inayofyonzwa izidi kidogo inayoingizwa, la sivyo moshi unarudi hadi mapokezi.

Huna kifaa cha kupimia, na hukihitaji. Chana kipande chembamba cha karatasi ya chooni, urefu wa kiganja. Kabla watu hawajaanza kupiga, omba ruhusa kwa msimamizi, simama kwenye kizimba chako na ukining'inize kati ya vidole viwili usawa wa bega, kisha usawa wa kiuno. Kikiinama kuelekea shabaha na kubaki hivyo, hewa inakwenda inakotakiwa. Kikining'inia tu, au kikizunguka na kukurudia usoni, lipa soda yako uondoke. Angalia pia mlango wa nyuma kama umeegeshewa kiti ubaki wazi, na kama kuna makabati yaliyorundikwa nyuma ya mstari. Vyote vinavuruga mkondo. Feni ya kusimama iliyoletwa kwa sababu ya joto ndiyo mbaya kabisa, inakoroga moshi na kuwagawia wote sawa. Na ukiingia mapokezi ukakutana na harufu ya baruti, karatasi ya chooni hata usiitoe mfukoni.

Uliza na hili, maana umeme tunaujua: ukikatika, jenereta inawasha nini? Kuna sehemu inawasha taa na kompyuta ya malipo, feni kubwa zinabaki kimya, na watu wanaendelea kupiga kwa kuwa wanaona. Feni zikizima, upigaji usimame hapohapo, hata kama umelipia saa nzima na umetumia dakika kumi.

Mama mjamzito au anayenyonyesha asiingie, na watoto wasiletwe kutazama. Madini haya huharibu ubongo wa mtoto unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Ukitoka, nawa mikono na uso kwa maji na sabuni kabla ya kugusa chakula au sigara. Dawa ya kutakasa mikono inaua vijidudu, haiondoi vumbi hilo.

Masikio nayo. Mlio wa bastola unafika desibeli 150 na zaidi popote ulipo, ila ndani kuta zinaurudisha, na jirani yako anakupa wa kwake. Vaa vizibo vya kuchomeka ndani ya sikio na juu yake vya kufunika. Usidhani kinga mbili zinajumlishwa. Cha pili huongeza kama desibeli 5 tu juu ya kile chenye nguvu zaidi. Ndani, hizo tano unazihitaji. Anayeshtuka kila jirani akipiga aombe muda wa watu wachache, kwa kuwa ukishazoea kushtuka ni kazi kuacha.

Nguo: shati lenye kola, lililofungwa. Ganda likitoka kulia hugonga ukuta wa kizimba na kurudi, na likiingia shingoni ni la moto kweli. Mtu anaruka, anageuka, na bastola inageuka naye. Nimeona msimamizi akimkamata mtu mkono kwa nguvu kwa sababu ya ganda moja lililoingia kwenye fulana yenye shingo pana. Likiingia, acha likuunguze. Mdomo wa silaha ubaki mbele, kidole nje ya kifyatulio, weka silaha chini, ndipo ujikung'ute.

Nimalizie na ninyi mliopata kazi humo, ya usafi au usimamizi. Mteja anakaa saa moja kwa mwezi, ninyi mnakaa siku nzima. Fagio kavu ni marufuku, linarusha kila kitu hewani. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi nayo usiiguse: chujio lake haliwezi vumbi laini hivyo, na cheche za mota zinaweza kuwasha baruti isiyoungua inayojikusanya sakafuni mbele ya mstari. Kuna mashine maalumu kwa kazi hii, au deki la maji. Chai inywewe nje, na chapati ziliwe nje. Sare ibaki kazini na ifuliwe peke yake, isichanganywe na nguo za watoto, na viatu vya kazi visiingie nyumbani.

Kabla ya siku ya kwanza, omba upimwe kiwango cha madini ya risasi kwenye damu, kisha urudie kila baada ya miezi michache. Si kila maabara ina kipimo hicho, kwa hiyo anza kuulizia hospitali ya rufaa mapema. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita. Kwenye damu madini haya hupungua kwa wiki kadhaa ukikaa mbali, ila yaliyoingia kwenye mifupa hukaa miaka mingi. Mwajiri akikujibu kwamba kipimo ni gharama isiyo na sababu, mwombe daftari la matengenezo ya feni, uone machujio yalibadilishwa lini.