Ni kerit ama ni fisi aliyeua kondoo zangu?

SWALI: Habari daktari. Nafuga huku Nandi, shamba limepakana na msitu. Wiki mbili zilizopita nilipoteza kondoo watatu usiku mmoja, na mmoja alikua amepasuliwa kichwa, ubongo haupo. Siku nne baadaye mbwa wakaanza kubweka kama saa nane usiku, nikatoka na kijana wangu na tochi, tukaona kitu kando ya ua, kikubwa kama ndama, mbele kimeinuka nyuma kimeshuka, kikaketi kikatuangalia macho yanawaka, halafu kikaenda zake pole pole kinayumba. Baba yangu anasema hiyo ni kerit, ile wazungu waliita dubu wa Nandi. Usiku huo huo msituni kulikua na kelele kama mtu ananyongwa. Nimekutumia picha ya unyayo, mimi nahesabu vidole sita. Huyu mnyama yuko kweli ama tunajitisha tu?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, kondoo watatu si kitu kidogo. Na hamjitishi, kitu mlikiona. Mimi shida yangu iko kwa jina tu. Kwa hayo maelezo yako naona fisi, yule mwenye madoa, na nitakuambia kwa nini.

Hiyo "mbele kimeinuka nyuma kimeshuka" ndio fisi mwenyewe kabisa. Huku kwetu hakuna mnyama mwingine mla nyama mkubwa hivo mwenye mgongo wa kuteremka namna hiyo, na akitembea lazima ayumbe sababu miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma. Mkubwa anafika kilo 60, hata 80, na begani ni kama sentimita 80 hivi, sasa hapo si ndio ndama wako? Watu wengi fisi wanamjua kwa picha za Maasai Mara, mchana kweupe, madoa yanaonekana, lakini saa nane usiku kwa mwanga wa tochi madoa huyaoni, na fisi akizeeka madoa yenyewe yanafifia mpaka anabaki rangi moja ya udongo. Macho kuwaka nako ni kawaida, nyuma ya jicho kuna utando unarudisha mwanga kama kioo, hata paka wako anao.

Kuhusu ukubwa fanya hivi: usiku huu mpeleke kijana pale pale kiliposimama, ashike fimbo umeiwekea alama kila sentimita 20, wewe simama pale ulipokua na tochi ile ile uone alama gani inalingana na kile ulichoona. Nimewafanyisha watu hili zoezi mara nyingi na kila mara mnyama anapungua. Usiku hakuna kitu cha kupimia, na ukishaogopa ndio macho yanaongeza kabisa. Usione aibu manake hata wenye helikopta yamewapata, mwezi wa 7 mwaka 2023 kule Kleinmachnow karibu na Berlin watu walirekodi video usiku wakasema simba jike ametoroka, polisi zaidi ya mia wakaingia msituni, watu wakaambiwa wakae ndani, baadae wataalamu wakaiangalia ile video vizuri wakasema ni nguruwe mwitu.

Sasa baba yako. Mwambie hajakosea kusema hadithi ni ya zamani, ila mle ndani kuna vitu viwili vimechanganywa. Chemosit wa hadithi za Wanandi, ambaye watu humchanganya na kerit, hakua mnyama. Kwenye kitabu cha A. C. Hollis cha 1909 kuhusu Wanandi ameelezwa kama nusu mtu nusu ndege, mguu mmoja, makalio tisa, na mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa. Ni zimwi la kutishia watoto wasitoke nje, wala hana uhusiano na kondoo. Hiyo ya dubu imeletwa na walowezi, kuna Mwingereza anaitwa Geoffrey Williams aliandika mwaka 1912 kwamba aliona mnyama huko Uasin Gishu karibu na mwamba wa Sergoit, ameketi kama dubu wa zoo halafu akaondoka anayumba. Ukisoma maelezo yake na ya kwako ni kama mliona mnyama mmoja, na mimi nadhani ni kweli mliona mnyama mmoja! Mtu wa Ulaya akiona kitu kimeketi hivo gizani kichwani kwake dubu yuko tayari, ametoka naye nyumbani. Lakini Afrika hii dubu wa mwisho walikua milima ya Atlas huko kaskazini na waliisha karne ya 19.

Ile picha ya unyayo, samahani, haisemi kitu. Umepiga kwa pembeni, hakuna kitu cha kulinganisha, na tope lilikua laini. Tope laini linafungua unyayo, mguu ukivutwa unaongezeka hata nusu ya ukubwa wake. Na hivyo vidole sita mimi nimevitazama sana, naona ni nyayo mbili, mguu wa nyuma umekanyaga juu ya ule wa mbele, fisi na mbwa na chui wote hufanya hivo wakitembea taratibu. Tafuta nyayo kwenye udongo mgumu kidogo, weka kibiriti kando yake, piga ukiwa juu kabisa. Vidole vinne na kucha butu zinaonekana, hapo ni fisi au mbwa. Vidole vinne bila kucha, ni chui. Vidole vitano na makucha marefu yaliyochimba mbele, huyo ni nyegere, na nyegere ana kisirani lakini kondoo watatu wakubwa usiku mmoja hapana, yeye umtafute kwenye kuku na mizinga ya nyuki. Ukikuta mavi makavu meupe kama chokaa usinipigie hata simu, ni fisi, ule weupe ni mifupa aliyokula.

Kichwa kupasuliwa ndio kitu kinachowapa watu hofu, wanasema kerit anakula ubongo tu. Fisi ana taya za kuvunja mfupa wa paja la ng'ombe, fuvu la kondoo kwake ni kama karanga, na akifukuzwa na mbwa kabla hajashiba anakimbia na kile alichoanza nacho. Wewe ukifika asubuhi unakuta mzoga mzima na kichwa kitupu, basi unasema alikuja kwa ubongo. Ila hapa lazima nikuulize: wale wawili wengine waliliwa sehemu gani ya mwili? Hukusema. Kama waling'atwa ovyo ovyo miguuni na mbavuni na hawakuliwa, mimi naanza kushuku mbwa, na mbwa wa jirani ndio wauaji wa kondoo ambao hakuna mtu anapenda kuwataja. Kama kuna matundu mawili mawili kooni basi chui aliua na fisi akaja baadae kwa mabaki. Ukimchuna mzoga matundu ya meno yanaonekana vizuri upande wa ndani wa ngozi.

Ile kelele ya mtu ananyongwa ni perere. Kamnyama ka juu ya miti, kilo mbili tatu hivi, kakianza kulia usiku unaweza kuita polisi. Kalikua na shughuli zake, hakahusiki.

Lakini usidhani nawadharau wazee. Wanyakyusa wa huko Rungwe Tanzania walikua wanazungumzia nyani wao anaitwa kipunji, watafiti wakadhani labda ni hadithi, mpaka wakamwona wenyewe na mwaka 2005 akaandikwa kwenye sayansi kama aina mpya kabisa. Tofauti ni kwamba kipunji alikua na mahali anapoishi, anakula nini, analia vipi, na ukienda unamkuta. Kerit watu wamemtafuta zaidi ya miaka mia na hakuna fuvu, hakuna ngozi, na siku hizi tuna kamera za kufunga kwenye miti misituni usiku kucha, zinaleta fisi, chui, fungo, nungunungu. Ikileta kingine mimi wa kwanza kuchinja mbuzi.

Kinachonisumbua mimi kwenye barua yako ni pale umesema kikaketi kikawatazama na hakikukimbia mbwa. Inawezekana ni fisi amezoea watu tu, wapo wengi. Lakini mnyama wa porini asiyeogopa anaweza pia kuwa na kichaa cha mbwa, kwa hivyo mbwa wako wachanjwe wiki hii, na mtu aking'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali siku hiyo hiyo. Na tafadhali usiweke sumu kwenye mzoga, ni kosa la jinai, na utaua tai wote na mbwa wako na bado fisi atakuja mwingine.

Halafu ripoti KWS, lile shirika la wanyamapori la Kenya, sasa, usingoje. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaruhusu fidia ya mifugo na fisi yuko kwenye ile orodha, chui pia yuko. Kerit hayuko, na mbwa wa jirani hayuko, kwa hivyo kwenye fomu eleza ulichoona na uambatanishe picha za mzoga na nyayo, jina waachie wao. Boma nalo lifunike juu na uzibe ua chini kwa mawe. Nitumie picha nyingine ukipata, na kibiriti usisahau.