Joho la nabii na kipande cha kitambaa

SWALI: Mzee, habari za Jinja? Mimi nauza vipuri vya pikipiki hapa Malaba. Kuna nabii anayekuja kuhubiri kila Jumamosi, amevaa joho la manyoya na mkanda mpana wa ngozi. Anasema hilo ndilo vazi la Eliya. Mwaka jana alituuzia vipande vya joho lake la zamani, kimoja shilingi 50,000, tuviweke dukani, na deni langu la chama lingefutika kabla ya Pasaka. Pasaka imepita, deni lipo, mume wangu amenuna. Je, vazi la nabii lina nguvu? – Mama wa vipuri

JIBU: Mama, msalimie baba hapo nyumbani, mwambie namwelewa. Kabla ya kufundisha Agano la Kale nilikuwa fundi cherehani, kwa hiyo umeniuliza mambo yangu mawili kwa mpigo.

Kwenye vazi hajakosea. Katika 2 Wafalme 1, mfalme Ahazia anawauliza wajumbe wake mtu waliyekutana naye njiani yukoje. Wanamjibu: ana vazi la manyoya na mshipi wa ngozi kiunoni. Mfalme hangoji jina, anasema huyo ni Eliya Mtishbi. Lilikuwa sare, basi. Na sare hushonwa, Mama! Mimi nilimshonea mtu joho la zambarau kwa kitambaa cha Kiyembe, kule wanakouza vitambaa Kampala. Jumatatu nilimpima, Jumapili akawa askofu. Nusu ya pesa yangu anayo mpaka leo.

Zekaria 13:4 inasema siku yaja manabii wataona haya, wala hawatavaa tena joho la nywele ili kudanganya. Kwa Kiebrania joho hilo ni aderet sear, na maneno hayohayo yamo katika Mwanzo 25:25, Esau anapozaliwa mwili mzima kama vazi la nywele. Yaliyofuata unayajua: Yakobo alivishwa nguo za kaka yake na ngozi za wanambuzi mikononi na shingoni, akaingia kwa baba yao Isaka, asiyeona, kuchukua baraka ya Esau. Isaka akapapasa. Tena alishasema mwenyewe kwamba sauti ni ya Yakobo! Sikio lilimwambia kweli, yeye akayasadiki manyoya. Kila nikisoma Zekaria nauona mkono wa yule mzee ukipapasa.

Nabii Sedekia mwana wa Kenaana naye alijitengenezea pembe za chuma mbele ya mfalme Ahabu, manabii kama 400 wakimuunga mkono: panda vitani, utashinda. Nabii Mikaya alikuja na neno tu, kwamba atashindwa. Ahabu akafia vitani Ramoth-gileadi.

Utaniambia, mbona vazi la Eliya liliupasua Yordani? Liliupasua. Ila Elisha, mwanafunzi wake, aliliokota lilipoanguka, hakulinunua, na alipoyapiga maji aliuliza, yuko wapi Bwana, Mungu wa Eliya? Hakuliita joho. Huyuhuyu Elisha baadaye alikataa zawadi za Naamani, jemadari wa Shamu aliyeponywa ukoma, zikiwemo nguo za kubadili. Mtumishi wake Gehazi ndiye aliyekimbia nyuma ya gari na hadithi ya uongo, akarudi na talanta mbili za fedha na nguo mbili. Akatoka mbele ya Elisha na ukoma. Hiyo ndiyo biashara ya nguo katika nyumba ya nabii.

Kumbukumbu la Torati 18:22 haiulizi mtu amevaa nini, inauliza kama neno lake limetimia. La kwako lilipewa tarehe, na tarehe imepita. Jumamosi akija muulize hilo mbele za watu, kwa upole, usiguse habari ya joho.

Na kile kipande, kama ni pamba, kifue kwa sabuni upangusie kaunta. Kikiwa polista hakifai hata kwa hilo, hakinyonyi maji.