Umechaguliwa vyuo viwili vya udaktari na unautaka upasuaji? Subiri kidogo kabla ya kuthibitisha

Jumamosi iliyopita binti wa kaka yangu alinijia hapa Ujiji, simu mkononi, anahema. "Shikamoo shangazi. Nimepata viwili!" Alikuwa na maana ya vyuo. Aliomba udaktari vyuo vitatu, viwili vimemchukua, na sasa TCU, tume ya serikali inayosimamia vyuo vikuu, inamtaka athibitishe kimoja kwa ile namba ya siri inayoingia kwenye simu. Siku zinahesabika. Kaka yangu amekwishamwambia achukue chenye jina kubwa. Mama yake anataka chenye ada nafuu. Yeye mwenyewe tangu kidato cha pili ana neno moja tu: atakuwa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo.

Tulikaa uani mpaka adhana ya magharibi. Niliyomwambia nayaandika hapa kwa sababu kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka mimi kama daktari wa upasuaji napigiwa simu na wazazi wa hapa Kigoma, wa Mwanga, wa Gungu, wa Kasulu mpaka Kibondo, na swali huwa ni lilelile.

Kuna jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu nilipokuwa na umri wake. Kwa hapa Tanzania, shahada ya kwanza ya udaktari haikufanyi daktari wa upasuaji. Utasoma miaka 5, utafanya utarajali, yaani kazi ya mafunzo hospitalini, mwaka 1, utatafuta ajira, halafu ndipo utaanza kugonga mlango wa ubingwa. Mlango mmoja ni MMed, shahada ya uzamili ya udaktari, unarudi chuoni. Mwingine ni COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999. Hicho hakina madarasa ya kukaa. Unafundishwa ukiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa, chini ya mabingwa, na kila operesheni unayoshiriki unaiandika. Miaka 2 ya kwanza unatafuta uanachama, ndiyo ngazi ya kwanza. Kwa upasuaji wa jumla unaongeza mingine 3 ili uwe bingwa.

Sasa fikiria siku unapogonga mlango huo. Imepita miaka saba au minane tangu uthibitishe chuo. Anayepitia maombi yako atatafuta alama yako ya upasuaji, atasoma barua za waliokufundisha, atauliza umefanya kazi wapi na nani anakufahamu. Jina la chuo lipo pale juu ya cheti, ndiyo, lakini wenye jina hilo mko mamia. Kwa hiyo nilimwambia binti yangu hivi: tafuta chuo kitakachokufikisha kwenye meza ya upasuaji, penye mtu mzima wa kazi hiyo atakayekujua wewe kwa jina lako.

Mimi nilikwenda kwa kufuata jina. Chuo chenyewe sitakitaja, na kilinifundisha mengi. Ila mzunguko wangu wa kwanza wa upasuaji, mwaka wa tatu, nilikuwa mtu wa kumi na nne kutoka kwenye meza. Mbele yangu walikuwepo bingwa, madaktari wawili wanaosomea ubingwa, watarajali, wanafunzi wa mwaka wa tano, halafu sisi. Nilichokiona wiki baada ya wiki ni migongo ya majoho ya kijani. Nilikuwa nainama, nanyanyua visigino, nasikia sauti ya mashine ya usingizi, basi. Nikirudi hosteli naandika kwenye daftari "nimehudhuria operesheni ya tezi ya shingo", na moyoni najua sikuona kitu.

Aliyeniokoa ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, mama mmoja mtu mzima. Akaniambia, "Mwanangu, mchana huku ni soko. Njoo Jumapili usiku." Nikaenda. Saa nane za usiku akaletwa mzee ambaye utumbo wake mpana umejisokota, tumbo limejaa kama tyubu ya gari. Daktari wa zamu alikuwa na msaidizi mmoja tu. Akaniangalia, akasema, "Wewe, nawa." Nikanawa mikono kama nilivyosoma, kuanzia kucha kuelekea kwenye viwiko, vidole juu, maji yakichuruzika kuelekea viwikoni, naogopa hata kupumua. Nikashikishwa chuma cha kupanulia tumbo. Utumbo ulipotolewa nje ulikuwa mweusi kama zambarau iliyoiva, na pale ulipoishia weusi na kuanza wekundu, yule daktari aliweka kidole akanionyesha mpaka: hapa ndipo tutakata. Mwishoni akanipa uzi nifunge fundo kwenye ngozi. Nilifunga matatu bila kufikiri. Akaniuliza nimefundishwa na nani. Nikamwambia baba yangu anashona nyavu Kibirizi, na nimefunga nailoni tangu niko darasa la nne.

Tangu usiku ule aliniita kwa jina. Nilipomaliza miaka mitano, barua yangu aliiandika yeye.

Ndiyo maana namwomba kila kijana asiishie kwenye tovuti ya chuo. Tovuti zote zina picha za majengo na wanafunzi waliovaa makoti meupe. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa nne, humkosi, Kigoma tunajuana. Ukiuliza msikitini, kanisani au shule uliyosoma utapewa namba. Muulize: kundi lenu la wodini mko wangapi? Mnapangiwa zamu za usiku au mnakwenda wenyewe mkipenda? Maiti moja ya kujifunzia anatomia mlisoma watu wangapi? Mara ya mwisho kunawa na kusimama mezani ilikuwa lini? Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mtu aliyesimama mezani wiki hii atakueleza mpaka jina la ugonjwa. Ambaye hajasimama ataanza kukusifia maabara.

Muulize pia hospitali ile ina madaktari wangapi wanaosomea ubingwa. Jambo hili lina pande mbili, na mimi nimeishi zote. Wakiwa wengi, nafasi ya pili na ya tatu mezani ni zao, wewe utasubiri. Lakini haohao ndio watakaokuelekeza saa saba za usiku jinsi ya kupima tumbo gumu, kwa sababu bingwa saa hizo amelala na ana haki ya kulala. Chuo kisicho nao kabisa kitakuacha na mhadhara wa asubuhi tu. Nikilazimishwa kuchagua, nachukua penye wachache.

Binti akaniuliza, "Kwa hiyo shangazi, vikubwa nivikimbie?" Hapana, na hapa wengi hunielewa vibaya. Muhimbili ilianza kufundisha madaktari mwaka 1963, na kando yake iko taasisi ya mifupa, MOI, tangu 1996, ambako upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo unafanyika kila siku. Iko pia taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, tangu 2015. Mtoto wa Ujiji ambaye hajawahi kumwona daktari wa ubongo kwa macho, akipita korido zile anaanza kuamini kwamba kazi hiyo ipo na inafanywa na Watanzania wenzake. Hilo lina uzito wake. KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, ina sifa ya miaka mingi katika upasuaji wa njia ya mkojo. Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikipandikiza figo tangu 2018. Na Hospitali ya Bugando, Mwanza, ndiko wagonjwa wengi wa rufaa kutoka kwetu wanakopelekwa: utaingia wodini utamkuta mama wa Uvinza, utamsalimia Kiha, na ugonjwa alionao ndio utakaokuja kuufungua ukirudi nyumbani.

Ila kuhusu ubongo nilimwambia ukweli. Upasuaji wa ubongo ni njia ndefu, nafasi zake ni chache kila mwaka, na ndoto ya mtu wa miaka kumi na tisa mara nyingi hubadilika. Mimi niliingia nataka moyo. Nikatoka na tumbo, na silijutii. Kwa hiyo chuo kimoja kisikuvute kwa sababu tu kina mashine ya ugonjwa mmoja. Angalia upasuaji wa jumla wa hapo ukoje. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilipotaka kupima kama hospitali ya wilaya inaweza upasuaji, iliangalia operesheni tatu: kumtoa mtoto kwa upasuaji, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika ukatokeza nje ya ngozi. Ukisimama Maweni, hospitali yetu ya mkoa, usiku mmoja wa mwisho wa wiki, bodaboda zikitoka barabara ya Kasulu, utaona zote tatu kabla ya alfajiri. Chuo kitakachokufanya usitetemeke mbele ya hizo tatu kimekupa msingi wa kila ubingwa, pamoja na huo wa ubongo.

Halafu alama. Miaka miwili ya mwanzo ni anatomia, fiziolojia, baiokemia, na wengi wanaikimbilia wodi kabla ya wakati. Sapu ya anatomia, yaani mtihani wa kurudia, itakufuata. Kama unajijua kwamba katika umati wa mia tatu unapotea, na ulipokuwa sekondari ulifaulu kwa sababu mwalimu alikufahamu, nenda kwenye chuo kidogo na usione aibu kuwaambia wazazi hivyo.

Ada. Chuo binafsi chenye ada kubwa, mkopo wa bodi unaweza usiifikie yote, na pengo litajazwa na mzee wako anayeuza dagaa. Boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, ni ya kula na kulala, usiipangie ada. Nimewaona wenzangu wenye akili kuliko mimi wakizuiwa kwenye chumba cha mtihani kwa deni la ada. Na kumbuka ukianza kazi makato ya mkopo ni asilimia 15 ya mshahara, wakati huohuo unatafuta pesa ya kusomea ubingwa. Upo sasa ufadhili wa serikali wa masomo ya ubingwa unaoitwa kwa jina la Rais Samia, umewasaidia wengi, lakini usipige hesabu ya leo kwa pesa ya baada ya miaka minane.

Mawakala wa vyuo vya nje nao wanapita mpaka Buhigwe. Sisemi ni vibaya vyote. Nasema mgonjwa anayeongea Kichina na wewe una Kichina cha miezi sita, hatakubali umguse tumbo. Hakikisha kwanza TCU inakitambua chuo hicho, kisha uliza swali lilelile la meza.

Kwa binti nina neno la peke yake. Nilipokuwa mwaka wa tano daktari mmoja aliniuliza mbele ya kundi zima, ukisomea upasuaji nani atakuoa? Wenzangu wakacheka. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi. Kilichonibakiza ni kwamba idara ile ilikuwa na mwanamke mmoja bingwa, ana watoto watatu, na kila Alhamisi alikuwa mezani kuanzia saa mbili asubuhi. Sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu. Kumwona tu kulitosha. Tafuta chuo chenye mwanamke wa namna hiyo. Kama hayupo, ujue utakwenda bila kivuli na ujiandae.

Giza lilipoingia tukapata namba mbili, moja ya kila chuo. Binti akapiga, akaweka spika. Wa kwanza alituambia hosteli ni nzuri, maktaba ni nzuri, walimu ni wazuri. Kuhusu meza akasema, "Tunaruhusiwa kuingia kuangalia." Wa pili hakupokea. Akapiga mwenyewe baada ya saa nzima, sauti ya chini, nyuma yake mtu anaita namba za vitanda. Tukamuuliza mara ya mwisho kunawa ilikuwa lini.

"Leo asubuhi," akasema. "Henia. Lakini dada, nauli ya kwenda na kurudi huku ni kubwa, na maji hosteli yanakatika sana. Nisikudanganye."

Binti akaandika yote mawili, la henia na la maji. Hajathibitisha bado. Anataka kwanza aende Kibirizi akapige hesabu ya nauli na baba yake.