Namba iliyokwamisha risiti zako

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema programu ya kazini kwenu imegoma kutoa risiti mpya, na ya mwisho ilipewa namba 2147483647. Ukauliza: "Baba, kwa nini ikwame hapo, isikwame kwenye bilioni mbili kamili?"

Kompyuta haihesabu kwa makumi kama sisi, inahesabu kwa mbilimbili. Aliyeiandika programu hiyo aliitengea kila namba nafasi 32 za sifuri au moja. Nafasi moja ikaliwa na alama ya hasi na chanya, zikabaki 31. Zote zikijaa moja, unapata mbili kwa kipeo cha 31, ukatoa moja. Fundi aongeze nafasi zifike 64. Wala msifute risiti za zamani mkidhani mtapata nafuu. Namba hairudi nyuma.

Kazi imeishia hapo. Sasa nivumilie, umemchokoza mwalimu mstaafu.

Hiyo 2147483647 ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa moja na kwa yenyewe. Aliyethibitisha ni mwanahisabati Leonhard Euler, mwaka 1772, akiwa St. Petersburg, Urusi, na macho karibu yamekwisha kabisa. Ungekuwa wewe, ungeigawa kwa kila namba tasa mpaka ufike kipeuo chake cha pili, 46,340 na ushee. Hizo ni zaidi ya 4,700! Euler alipita njia ya mkato: alionyesha kwamba namba tasa yoyote itakayoigawa bila baki, yenyewe ukiigawa kwa 248 lazima ibakize 1 au 63. Za namna hiyo hazifiki 400, na nyingi si tasa, unazitupa. 63 tupa, 249 tupa (ni 3 mara 83). Ya kwanza ya kujaribu ni 311. Nimeigawa leo asubuhi kwa kalamu, imebaki 35. Inayofuata ni 1303.

Kwa zaidi ya miaka 70 hapakujulikana namba tasa kubwa kuliko hiyo. Tena ukiizidisha kwa mbili kwa kipeo cha 30, unapata namba ambayo vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha ileile. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hakuna atakayejisumbua kutafuta namba kubwa zaidi ya aina hiyo, kwani ni za kustaajabisha tu, hazina faida. Angeiona foleni ya wateja wenu!

Jambo moja zaidi, la kumwuliza fundi akiwa bado yupo hapo. Mashine nyingi za zamani huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970 kwa nafasi hizohizo 31. Zitajaa Januari 19, 2038, kwa saa zetu saa 12 na dakika 14 asubuhi, sekunde ya saba. Mashine zenu za kaunta ni za mwaka gani?

Mama anakusalimu.

Baba yako