Sandwichi nzuri Dar: angalia mkate kwanza

Ndugu uliyeuliza sandwichi nzuri zinapatikana wapi hapa Dar, ukiwa mjini anzia Kisutu na Upanga, kwenye vimgahawa vinavyotengeneza ukishaagiza. Zilizopangwa kwenye kabati la vioo tangu asubuhi ziache kabisa: kuku wa mayonezi hafai kukaa nje ya friji zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32 mwisho ni saa 1. Mwombe mpishi achome slesi pande zote mbili na apake siagi mpaka ukingoni, maana siagi ndiyo inayozuia maji ya nyanya. Nyanya yenyewe ikae katikati, isiguse mkate. Ya kubeba ifungwe kwa karatasi. Nailoni hubana mvuke, mkate unalowa kabla hujafika Mwenge.