Maswali na majibu: Valium haiachwi kwa siku moja

Tangu niandike mwezi uliopita kuhusu vidonge vya wasiwasi na usingizi, simu yangu haijapumzika. Wengi mnauliza jambo moja, namna ya kuviacha. Ninaposema diazepamu ni ile ile mnayoiita Valium, na ndugu zake ni lorazepamu, alprazolamu na klonazepamu. Mimi ni mfamasia, si daktari. Nimekaa nyuma ya dirisha la dawa hapa Mwanza miaka mingi, na ninayoyasema ni ya kwenda nayo kwa daktari wako.

Shikamoo. Nameza diazepamu miligramu 10 kila usiku tangu 2018, baada ya ajali ya kivuko cha MV Nyerere kumchukua dada yangu. Nataka mwaka mpya unikute nimeacha. Nikiacha yote leo kuna shida? (Baba, Nansio, Ukerewe)

Marahaba. Pole sana kwa dada.

Usiache leo. Ubongo una breki zake za kuzaliwa nazo, na kidonge hiki kazi yake ni kuzisaidia kukaza. Kikikaa miaka, ubongo unalegeza breki zake kwa sababu kuna msaidizi. Sasa mwondoe msaidizi kwa usiku mmoja: jasho, kutetemeka, usingizi kukatika kabisa, moyo kwenda mbio, na kwa wengine kuchanganyikiwa na degedege hata kama hawajawahi kuugua kifafa. Watu wamekufa kwa hilo. Vijana wanaita arosto, na wakisikia neno hilo wanadhani ni la mateja peke yao. Si kweli. Mwili wa mtu aliyefuata cheti cha daktari bila kukosea hata siku moja nao unazoea, na unaweza kuanza kuzoea ndani ya wiki chache tu.

Kuna mama muuza dagaa alikuwa mteja wangu, miaka minne kwenye vidonge hivi. Siku moja akakasirika, akavimwaga chooni. Siku ya tatu akapita dirishani kwangu akicheka, “Mbona sioni kitu?” Nikamsihi arudi kwa daktari wake, akaniaga. Siku ya nane akaanguka sokoni katikati ya ndoo zake, degedege, ulimi umeumwa hadi damu. Alipona, lakini kovu la kwenye nyusi analo. Diazepamu hutoka mwilini taratibu mno. Inachukua siku moja hadi mbili kupungua nusu, na mabaki yake yanaweza kuchukua hadi saa 100 kupungua nusu. Ndiyo maana siku za mwanzo zinadanganya. Alprazolamu na lorazepamu hazina subira hiyo, zenyewe zinaweza kukugeuka siku ya kwanza au ya pili.

Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa 2025 unashauri kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila baada ya wiki 2 hadi 4, na kwa kawaida kutozidi asilimia 25 kwa wiki 2. Kwako wewe asilimia 10 ni miligramu 1. Mwombe daktari akuandikie vidonge vya miligramu 2 badala ya vile vya 5, maana cha 5 ukikigawa robo kwa wembe kwenye sahani, nusu yake inabaki unga. Vya miligramu 2 vitano ndiyo dozi yako ya sasa. Vinne na nusu ni hatua ya kwanza. Unakaa hapo hadi mwili utulie, kisha ndiyo mnazungumzia vinne. Ukifika miligramu 5 hatua inakuwa ndogo zaidi, nusu miligramu, yaani robo ya kidonge. Hapo ndipo watu huona wamebakiza kidogo, wakaruka, na hapo ndipo wengi huanguka.

Habari ya mwaka mpya iache. Kwa miaka uliyotumia, hesabu mwaka mzima au zaidi. Ukijiwekea tarehe utaifukuza tarehe, na mwili hutausikiliza.

Na hili hukuniuliza. Kidonge kilikupa usingizi lakini hakikukupa nafasi ya kumlilia dada yako. Dozi ikishuka, ndoto za ajali ile ya majini zinaweza kurudi. Tafuta mtu wa kuzungumza naye kabla hujakata hata robo ya kwanza. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza kuna idara ya afya ya akili, na hospitali yako ya wilaya inaweza kukuandikia rufaa. Sipendi kabisa tabia ya kumwandikia mfiwa vidonge, kumwambia “endelea na dawa” kila anaporudi, miaka inapita, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anaendeleaje na msiba wake.

Naomba dozi ya kuacha Valium. Asante. (Igoma)

Dozi ya nani? Mwezi huu ujumbe wa namna hii umekuja mara kumi na moja, na hakuna hata mmoja ninaoweza kuujibu. Niandikie jina la dawa, miligramu ngapi, mara ngapi kwa siku, tangu lini, umri wako, dawa nyingine unazomeza, kama unakunywa pombe, kama umewahi kupata degedege, na kama wewe ni mama, una ujauzito au unanyonyesha. Bila hayo, atakayekupa dozi anakubahatisha.

Nimeacha kidonge mwenyewe, sasa napata usingizi kwa konyagi kidogo. Kuna ubaya? Kazi yangu ni kuvua dagaa. (Igombe)

Upo. Pombe inakaza breki zile zile, kwa hiyo hujaacha chochote, umebadilisha chupa. Na usiku utakaorudia kidonge juu ya konyagi, au juu ya tramadoli ya maumivu ya mgongo, pumzi inaweza kukatika usingizini bila mtu kusikia. Wewe unafanya kazi gizani, mtumbwini, taa mbele na maji pande zote. Kizunguzungu cha dakika moja kinatosha. Waambie wenzako unapitia nini, vaa jaketi la kuokolea hata wakikucheka, na wiki hii hii uende hospitali ukaseme ukweli kuhusu vyote viwili. Kuacha pombe ghafla nako kuna degedege yake.

Mama mkwe ana miaka 74, anameza diazepamu tangu mzee afariki. Ameanguka mara mbili na anasahau sana. Mume wangu anataka tumfiche vidonge. (Magu)

Msimfiche. Kumfichia mzee ni kumkatisha ghafla, tena bila yeye kujua kwa nini anatetemeka. Ila mmeona sawasawa. Kwa wazee dawa hii inakaa mwilini muda mrefu zaidi, inalegeza miguu, inatia usahaulifu unaofanana na wa uzee, na mfupa wa nyonga ukivunjika umri huo safari ni ndefu. Mpelekeni daktari pamoja na pakiti zote anazotumia, zikiwemo za presha na za mafua. Kupunguza kwake kuwe kwa pole kuliko kwa kijana, na aelezwe yeye mwenyewe, kwa heshima yake. Wakati huo taa ya njia ya chooni isizimwe usiku. Usahaulifu unaweza kupungua dozi ikishuka, lakini usipopungua achunguzwe, msiseme tu ni umri.

Nimeanza dawa za kifua kikuu wiki tatu zilizopita. Diazepamu yangu ni kama imeisha nguvu, silali, natetemeka. Niongeze? (Sengerema)

Usiongeze mwenyewe, na dawa za kifua kikuu usikose hata siku moja. Rifampisini iliyo ndani yake inaliamsha ini lichakate dawa nyingine kwa kasi, na diazepamu ni mojawapo. Unameza dozi ile ile lakini mwilini ni kama umepunguziwa ghafla. Kesho rudi kliniki ya kifua kikuu uwaambie hivyo hivyo ulivyoniandikia. Na ukimaliza dawa za kifua kikuu, rudi tena kabla hujaondoka moja kwa moja, kwa sababu ini likitulia diazepamu itapanda mwilini. Kama ulikuwa umeongezewa, utajikuta unalala mchana kutwa. Mpango wa kuacha diazepamu subiri uzungumze na daktari kwanza. Mwili wako sasa una kazi moja kubwa.

Swali hili limenifurahisha, natamani kila mtu angeuliza anapoanzishiwa dawa mpya.

Kwenye maombi nimeambiwa nitupe dawa kama ushahidi wa imani. (Buzuruga)

Omba, na endelea kumeza kama ulivyopangiwa huku ukipunguza na daktari. Aliyekuombea hatakuwepo saa nane za usiku degedege ikikushika.

Natumia alprazolamu. Daktari amenipunguzia, sasa wiki ya pili masikio yanalia, mwanga unaniumiza, vidole vina ganzi. Mume wangu anasema ugonjwa umerudi, nirudie dozi ya zamani. (Nyegezi)

Ugonjwa wa zamani ukirudi, mara nyingi huja na sura yake ya zamani. Kama wasiwasi wako ulikuwa wa kuogopa daladala iliyojaa, utaogopa daladala iliyojaa. Masikio kulia, macho kukataa mwanga, ganzi na kuwashwa ni wageni ambao hukuwa nao, na kwa kawaida hao wameletwa na kupungua kwa dawa. Huja kwa vipindi. Siku mbili unajiona mzima, siku tatu unajuta kuzaliwa, kisha unapumua tena.

Baki kwenye dozi uliyopo, usishuke zaidi, na mpigie daktari. Huenda akakuacha hapo wiki kadhaa, huenda akakupandisha hatua moja ndogo. Kinachoharibu ni leo nusu, kesho kizima, keshokutwa hakuna. Nunua daftari uandike kila jioni dozi, saa ulizolala na ulivyojisikia. Mwonyeshe na mumeo, maana kurasa mbili tatu zitamtuliza kuliko maneno yangu. Kahawa ya jioni na vinywaji vya kuongeza nguvu acha kwa sasa.

Wengine huhamishiwa kwenye diazepamu kwa sababu inatoka mwilini pole pole. Hesabu hiyo ni ya daktari peke yake. Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya watu wanaoacha dawa hizi kule Newcastle, Uingereza, kati ya 1982 na 1994, alikadiria nusu miligramu ya alprazolamu kuwa sawa na miligramu 10 za diazepamu. Kidonge kidogo kisikudanganye. Nimeshuhudia mtu akibadilishana na jirani “kimoja kwa kimoja”, akaishia kitandani hospitali.

Ukipata degedege, ukiona au kusikia visivyokuwepo, au mawazo ya kujiua yakikujia, usisubiri asubuhi. Amsha mtu, muende hospitali usiku huo huo.

Nina ujauzito wa miezi mitatu, naogopa mtoto ataathirika. Niache leo? (Mkolani)

Hapana mama. Nenda kliniki kesho ukawaambie, wapange kukupunguzia. Degedege ya ghafla ni hatari kwenu nyote wawili.

Duka la mtaani kwetu wananihesabia bila cheti, bei nafuu. Kwa nini nihangaike hospitali? (Kirumba)

Kwa sababu siku utakayotaka kuacha, huyo muuzaji hatakuwa na la kukwambia. Hii ni dawa ya cheti, na imo kwenye mkataba wa kimataifa wa 1971 wa kudhibiti dawa za namna hii. Kwenye bahasha ya kaki hakuna jina la kiwanda, hakuna tarehe ya kuisha, na siku moja anakupa vya 5, siku nyingine vya 10. Utapunguzaje kitu usichojua ni kiasi gani? Wauzaji mnaosoma hapa, mnaniudhi, na mnajua.

Nilikuandikia mwaka juzi. Nimemaliza, huu mwezi wa tatu bila kidonge. Nimebakiwa na pakiti mbili, jirani yangu ananiomba. (Nyakato)

Hongera sana, nakumbuka ulivyokwama kwenye miligramu 2 miezi minne. Usimpe. Mwelekeze alikokupunguzia daktari wako. Usivitupe chooni wala ziwani, na usiviweke “akiba”. Virudishe ulikovichukulia, uombe wavipokee ukiwa umesimama hapo hapo dirishani.