Swali la lugha: "Kalenda yenye tanbihi" au "takwimu"?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu kalenda za Wachina wa zama za kati, zile zenye maelezo chini ya kila siku. Nimeziita "kalenda zenye tanbihi". Mhariri anataka "takwimu". Tufuate lipi?

JIBU: Mhariri ana hoja, ila amechelewa. Takwimu ni neno la Kiarabu, na kamusi za zamani zinalipa maana ya kalenda. Lakini ukiandika leo "takwimu za China za karne ya 9", msomaji atatarajia idadi ya watu na magunia ya mpunga.

Tanbihi nayo haifai, na hapa kosa ni kubwa zaidi. Tanbihi hukaa pembezoni, ukitaka unairuka. Katika kalenda hizi maelezo ndiyo yaliyomtoa mtu hela mfukoni. Ujuzi wa siku njema na mbaya ulikuwapo tangu kale. Vitabu vyake vya vipande vya mianzi vilizikwa kaburini huko Shuihudi, China ya kati, mnamo 217 KK. Wakati huo vilikuwa vitabu peke yake, si sehemu ya kalenda. Hata kalenda ya mwaka 450 iliyopatikana Dunhuang, mji wa kaskazini-magharibi mwa China, ni fupi mno: miezi, majira, siku chache za matambiko. Kufikia karne ya 9 na ya 10 mambo hayo mawili yameshaungana. Kila siku ina mstari wake unaosema kama inafaa kuoga, kunyoa, kukata kucha, kuoa, kuhama nyumba au kuzika. Mstari huohuo unataja mahali ilipo roho ya mtu, ambayo iliaminika kuzunguka mwilini siku hadi siku, ili mganga asichome sindano kiungo hicho. Jumapili iliandikwa "mi" kwa wino mwekundu, neno walilolileta wafanyabiashara Wasogdia kutoka Asia ya Kati.

Hamu ya watu ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 835 ofisa Feng Su alimlalamikia mfalme: kalenda zilizopigwa chapa na watu binafsi zilijaa sokoni kabla idara ya falaki haijatoa ile rasmi. Zikapigwa marufuku. Marufuku haikufua dafu, maana tunayo kalenda ya chapa ya mwaka 877, imesheheni michoro na ubashiri.

Kwa hiyo andika "kalenda yenye maelezo ya siku" mara ya kwanza, kisha "kalenda" tu. Jina la Kichina, juzhu li, lina maana hiyohiyo: kalenda iliyowekewa maelezo kamili. "Kalenda fafanuzi" silipendi, linanukia ofisi.

Ukifika kwenye maelezo yenyewe, sema "siku njema ya kuoga", si "siku njema kwa kuoga". Kinyume chake iwe "siku ya nuksi", si "siku ya mkosi". Mkosi humwandama zaidi mtu kuliko tarehe.

Mhariri wako naye asitoke mikono mitupu. Mwaka 1328 serikali ya Yuan, nasaba ya Wamongolia iliyotawala China, iliuza kalenda zaidi ya 3,000,000, na kati yake 5,257 zilikuwa za Waislamu. Hizo 5,257 ziiteni takwimu, mradi mweleze maana yake palepale.